Mkia unaowasha kinasi: kalsiamu ndani ya kimelea cha malaria

Mvua zikianza Juba, madimbwi yanatuama kila mtaa, na mbu wa Anofelesi wanazaliana. Kimelea kinacholaza watu wengi huko, Plasmodium falciparum, kwa kawaida hakimfikii mgonjwa wa pili bila kupitia tumbo la mbu. Humo kinategemea protini moja, CDPK4.

Mbu akishanyonya damu, chembe ya kiume ya kimelea huhisi joto limeshuka na hukutana na asidi ya ksanthureniki. Kalsiamu hupanda ghafla ndani yake, na baada ya dakika 15 hivi chembe moja hutoa mbegu 8. Mwaka 2004 Oliver Billker na wenzake waliondoa jeni la CDPK4 kwenye kimelea cha malaria ya panya, na mbegu hazikutokea.

Kalsiamu inaiamshaje protini? Protini za familia ya CDPK, CDPK4 ikiwemo, zina kinasi, sehemu inayobandika fosfati kwenye protini nyingine, na mkia wenye vishikio vinne vya kalsiamu. Mwaka 2010 watafiti wa Toronto waligandisha CDPK1 ya Toxoplasma, ndugu wa kimelea cha malaria, kuwa fuwele, mara bila kalsiamu na mara pamoja nayo, kisha wakazipiga eksirei. Bila kalsiamu, mkia umenyooka na kuziba mahali kinasi inapofanyia kazi. Kalsiamu ikiingia, mkia hujikunja, huzunguka nyuzi 135 hivi na kukaa upande wa pili.

Ilikuwa rahisi kuamini kwamba kalsiamu inaondoa kizibo tu. Lakini kinasi iliyokatwa mkia haikufanya kazi! Mwaka 2015 kundi la Sebastian Lourido, nchini Marekani, lilieleza sababu: kinasi peke yake haishiki umbo lake, na mkia uliohamia upande wa pili unaishikilia kama gango kwenye mfupa uliovunjika. Kipande cha kingamwili ya alpaka kilichong'ang'ania mkia huo kiliuzuia kuegemea kinasi, nayo ikazimika. Kwangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwani inawaonyesha watengeneza dawa mahali pa pili pa kushambulia, mbali na pale kinasi inapofanyia kazi.

Binadamu hana CDPK. Kwetu kalsiamu hupokewa na kalmodulini, protini inayojitegemea. Hiyo ni nafuu kubwa kwa anayetafuta dawa isiyomdhuru mgonjwa. Tayari mwaka 2012 Kayode Ojo na wenzake walionyesha kwamba vizuizi vya CDPK4 vinaweza kukata uambukizaji kwenda kwa mbu.

Hata hivyo umbo tunalolijua vizuri ni la Toxoplasma, na jeni lililoondolewa mwaka 2004 lilikuwa la kimelea cha malaria ya panya. Hakuna dawa ya CDPK4 iliyosajiliwa bado. Maabara za Afrika Mashariki zenye mbu wa kufugwa zishirikiane na Chuo Kikuu cha Juba, vizuizi hivi vijaribiwe kwenye vimelea vya wagonjwa wa Juba wenyewe.