Juu ya Mwisho wa Mass Effect 3, Pamoja na Neno la Ukwangala

Monica Wilson, aliyechunguza maisha ya Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, alieleza katika Good Company (1951) neno moja lifaalo kwa mhakiki: ukwangala. Maana yake ni kukaa na kuzungumza kwa raha na walio sawa nawe. Katika vijiji vya marika vilivyokuwako zamani katika uwanda wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, vijana walijenga mbali na baba zao, na iliaminiwa kwamba akili hupatikana katika mazungumzo ya namna hiyo. Nalitumia neno hili kuupima mwisho wa hadithi isiyo ya Unyakyusa kabisa.

Mass Effect 3 ni mchezo wa video wa hadithi za sayansi ya kubuni, uliotolewa Machi 2012 na BioWare ya Kanada. Kila baada ya miaka 50,000 mashine ziitwazo Reapers huja kuyavuna mataifa ya angani yaliyoendelea. Mwishoni shujaa Shepard, hali amejeruhiwa, akutana na akili inayoziongoza mashine hizo, imejivika umbo la mtoto. Mtoto amwonyesha njia tatu: aziangamize, pamoja na viumbe vyote vya mashine, hata vilivyo rafiki, azitawale, kwa kuupoteza mwili wake, au aviunganishe viumbe hai na mashine viwe namna moja.

Wachezaji wengi walikasirika, kwa kuwa picha za kufungia zilitofautiana karibu kwa rangi tu: nyekundu, buluu na kijani. Wengine walidai kwamba yote ni njozi iliyotiwa na adui akilini mwa Shepard. Dai hili ni la werevu, lakini lalikimbia swali: ikiwa ni njozi, hakuna haja ya kuhukumu.

Twazijua hadithi zinazokomea kwenye swali. Mtumbwi umepinduka, mlikuwamo mama, mke na mama mkwe, mwanamume aweza kumwokoa mmoja tu. Yupi? Msimuliaji hunyamaza, wasikilizaji hushindana. Lakini msimuliaji huyo hapati faida wala hasara kwa jibu lolote. Mtoto wa Mass Effect ni mdaawa, na ndiye aliyeuliza na kuyahesabu majibu. Utata wenyewe umo humo, wala haumo katika rangi.

Kwa hiyo nyongeza ya tarehe 26 Juni 2012, iliyotolewa bila malipo, ina jambo moja lililo kubwa kuliko maelezo yake yote: njia ya nne, kukataa. Akataaye hushindwa, kizazi chake huangamia, na kizazi kifuatacho hushinda kwa kumbukumbu kilizoachiwa. Yaweza kusomwa kama adhabu kwa mchezaji mkaidi. Hata hivyo ndiyo njia pekee inayomkana muulizaji.

Kuunganisha huonekana kuwa na huruma zaidi, nami naiona nzito kupita zote: kila mwili ulimwenguni hugeuzwa bila mwenyewe kuulizwa. Pale juu Shepard hana rika. Wenzake aliokuwa akishauriana nao tangu mchezo wa kwanza hawapo, na ukwangala ulianza baadaye tu, miongoni mwa wachezaji.

Aliyekusanya jeshi la kutosha, akichagua kuangamiza, huonyeshwa kifua chenye deraya kikivuta pumzi katika kifusi. Haisemwi ni cha nani. Nyongeza ya Juni haikulifafanua jambo hilo, na nafurahi.