Canon EOS R8 Vilimani Kondoa: Bodi Nabadilisha!

Jibu nalitanguliza kwa sababu siwezi kulificha: nabadilisha bodi. Rafiki yangu kaniazima Canon EOS R8 yake, nimepanda nayo vilima vya Kolo, na tangu niteremke sijaacha kuzifungua zile picha.

Natumia Canon 6D, iliyotoka mwaka 2012. Ni kamera imara, nimeipenda na naipenda bado. Lakini anayepiga mandhari huku kwetu uwanda wa kati anajua jua letu lilivyo. Saa mbili asubuhi mawe yameshaanza kung'aa, na chini ya mwamba bado kuna giza totoro.

Kolo ndiko mahali pa kuijaribia sensa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, imo ndani ya vibanda vya mawe kwenye mteremko unaolitazama Bonde la Ufa. Unasimama chini ya dari la jiwe, ubavuni una michoro myekundu iliyofifia, na mbele uwanda mzima unawaka. Kwa 6D ilibidi nichague: nikiokoa anga, jiwe linakuwa jeusi, nikilivuta jiwe kwenye kompyuta, inatokea michirizi na chenga za rangi. Flashi haiguswi pale, na isiguswe.

Kwa R8 nilipima mwanga kwa ajili ya anga, nikapiga picha moja tu. Nyumbani nikavuta vivuli juu, na jiwe likajitokeza! Mipasuko yake, madoa ya kuvu, mstari mwekundu mwembamba uliochorwa na mkono wa mtu zamani hizo, vyote vimo, safi, na mawingu nje hayajaungua. Nikavuta tena zaidi, makusudi, nione itakapokatika. Michirizi ile haikutokea.

Halafu lile dirisha la kutazamia! Unachokiona ndicho utakachopata, na histogramu iko humo humo kabla hujabonyeza. Skrini inafunguka na kugeuka, kwa hiyo picha ya mbuyu kutoka usawa wa mizizi naipiga nikiwa nimechuchumaa, bila kulala kifudifudi kwenye mbigiri. Ukungu wa alfajiri, kabla jua halijachomoza, kamera inashika fokasi mara moja pale ambapo 6D hutafutatafuta na kukata tamaa. Megapikseli 24.2 dhidi ya 20.2 hazinisisimui sana. Si hizo zilizonishawishi.

Wala si uzito, ingawa ndio kila mtu anaoutaja kwanza. R8 ikiwa na betri na kadi ina gramu 461, 6D ina 755. Kwa mpanda milima hizo ni habari njema kabisa. Ila lenzi zangu ni za EF, kwa hiyo adapta ya gramu 110 lazima iwepo. Na betri ya R8 ni ndogo: kwa kipimo cha Canon inatoa picha kama 290 kwa skrini, wakati 6D ilikuwa ikifika 1,090 kwa kutazama dirishani. Weka betri mbili za akiba begini, utaona faida ya uzito inavyoyeyuka. Afadhali inachajiwa kwa USB-C, hivyo pawabenki yenye nguvu inatosha kambini.

Vumbi nalo lisemwe wazi. Hapa Dodoma kiangazi upepo hauombi ruhusa, na kamera hii, tofauti na 6D, haina kioo mbele ya sensa. Lenzi ibadilishwe mgongo ukiwa upande wa upepo, mdomo wa kamera ukiangalia chini, upesi. Kituliza mtikisiko ndani ya bodi hakimo pia. Kwangu mimi ninayefunga kamera kwenye tripodi hilo halinipi shida; anayepiga akitembea alifikirie.

Mwenye 5D Mark IV abaki nayo, sensa yake inavifungua vivuli vizuri mno. Na mwenye lenzi moja tu, ile iliyokuja na kamera, hela yake aipeleke kwenye lenzi pana kwanza. Ila wewe mwenye 6D au kaka zake wa enzi ile, na lenzi nzuri za EF kabatini, usizunguke: lenzi usiuze, chukua bodi na adapta siku hiyo hiyo. Yangu nataka iwe mkononi kabla mvua za Desemba hazijaukijanisha uwanda, halafu naipandisha Hanang, mita 3,420, kilele chenyewe!