Rangi za Grafu Huchaguliwa na Nani?

Mtafiti anayetafuta programu ya kuchorea grafu za makala yake huuliza kwanza bei, kisha urahisi wa kuitumia. Ni nadra aulize programu itafanya nini pale asipoiagiza chochote: itapaka rangi zipi, itaandika kwa herufi za ukubwa gani, itahifadhi mchoro kwa muundo upi. Historia ya Matplotlib, mojawapo ya programu zinazotumika sana katika michoro ya kisayansi, inaonyesha uzito wa swali hilo.

John D. Hunter alikuwa mtafiti wa mfumo wa neva mjini Chicago, akichambua mawimbi ya umeme katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Maabara ilitegemea programu ya kulipia yenye leseni chache, hivyo watafiti wakalazimika kupokezana. Hunter akaanza kujitengenezea ya kwake kwa MATLAB, programu ya hesabu, na kazi ilipozidi kuwa ngumu akahamia lugha ya Python. Mwaka 2003 aliitoa Matplotlib bure kwa yeyote. Masharti aliyojiwekea yangemfaa mnunuzi yeyote makini: grafu ziwe na ubora wa kuchapishwa, maandishi yasomeke vizuri, mchoro uingie katika hati za TeX, mfumo wa kupanga maandishi, bila taabu, na msimbo uwe mwepesi kiasi kwamba yeye mwenyewe angeweza kuuelewa na kuuendeleza.

Rangi hazikuwemo katika orodha hiyo. Kwa kuwa Hunter aliiga amri na sura ya MATLAB ili watumiaji wake wasihangaike, alirithi pia mpangilio wa rangi uitwao jet, unaoanzia buluu iliyokolea, ukapita samawati, kijani na njano, ukaishia nyekundu nzito.

Jet huvutia macho, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwangaza wake haupandi sawasawa: samawati na njano hung'aa, ncha zote mbili zina giza. Vipimo vinavyoongezeka polepole huonekana kuwa na mistari mikali, na msomaji hudhani ameona mpaka ambao data haina. Ukurasa ukichapishwa kwa nyeusi na nyeupe, kipimo cha chini kabisa na cha juu kabisa hugeuka kijivu kilekile. Mwenye tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani, hali inayompata takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, hupata taabu zaidi.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2011, Michelle Borkin na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio kuhusu picha za mishipa ya moyo. Kwa picha za pande tatu zenye rangi za upinde wa mvua, zinazofanana na jet, washiriki walitambua asilimia 39 tu ya sehemu zenye dalili ya hatari. Mishipa ilipochorwa bapa na rangi zikabadilishwa, walitambua asilimia 91.

MATLAB iliachana na jet mwaka 2014. Kwa upande wa Matplotlib, kazi ya kutafuta mbadala ilifanywa na Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt, miaka kadhaa baada ya Hunter kufariki mwaka 2012. Badala ya kubishana kuhusu uzuri, walitumia kanuni za kihesabu zinazokadiria jinsi jicho la mwanadamu linavyotofautisha rangi, wakataka kila hatua ya data ionekane sawa na nyingine, hata kwenye kijivu na hata kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani. Viridis, inayotoka zambarau iliyokolea hadi njano kupitia kijani, ndiyo iliyochaguliwa. Toleo la 2.0 la Matplotlib, la Januari 2017, likaifanya rangi inayokuja yenyewe. Mwaka uliofuata ggplot2, programu maarufu kwa watumiaji wa lugha ya R, nayo ikaiingiza.

Anayechagua programu leo anaweza kuipima kwa muda mfupi: achore data zake bila kugusa mpangilio wowote, aigeuze picha kuwa ya kijivu, kisha aihifadhi kama PDF na kuikuza kuona kama mistari inabaki mikali. Jet haikufutwa katika Matplotlib, kwa kuwa misimbo ya zamani bado inaihitaji, ila anayeitaka sasa sharti aandike jina lake.