Mnara wa Brussels na Habari za Kwetu Maniema

Watu wa Maniema wanaojaliwa kufika Brussels, wakiwa mapadre, watawa, wanafunzi au wazazi waliokwenda kuwatazama watoto wao, hupenda kuuzunguka mji ule kwa miguu na kutazama sanamu zake. Si vibaya. Lakini sanamu ni shahidi, na maneno ya shahidi yapaswa kupimwa, hata akiwa wa jiwe. Yuko mmoja anayesimulia habari zetu hasa, nasi tuna haki ya kumjibu.

Tuanzie kanisa kuu la Mt. Mikaeli na Mt. Gudula. Humo, tarehe 15 Agosti 1888, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alihubiri juu ya biashara ya watumwa, akiwahimiza Wabelgiji wasinyamaze. Alisema kweli. Wazee wetu walifungwa minyororo Nyangwe na Kasongo, na vijiji vilichomwa moto. Mtu asiupunguze uovu ule.

Kutoka hapo twende upande wa mashariki hata bustani ya Cinquantenaire. Humo umo mnara mkubwa uliochongwa na Thomas Vinçotte mwaka 1921, kuwakumbuka Wabelgiji waliotangulia kufika Kongo. Fundi alikuwa hodari. Mto Kongo ameufananisha na kijana mweusi aliyelala. Maandishi yake yasema kwamba ushujaa wa askari wa Kibelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanya watumwa.

Je, ni kweli? Ni nusu ya kweli. Jeshi la Dhanis lililotwaa Nyangwe mwezi Machi 1893, na Kasongo mwezi Aprili, wengi wake walikuwa watu weusi. Pamoja nao walikuwa watu wa Gongo Lutete, ambaye kwanza aliwawinda watumwa kwa faida ya Waarabu, kisha mwaka 1892 akawageukia Wabelgiji. Malipo yake? Mwezi Septemba 1893 maofisa wa Kibelgiji walimhukumu, akapigwa risasi. Tena, mwaka 1887, mfalme Leopold wa Pili, kwa mkono wa Stanley, alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa liwali wake wa Stanley Falls, kwa mshahara. Na baada ya ushindi ikaja kazi ya mpira kwa viboko na bunduki. Mnara hausemi neno juu ya hayo yote.

Watu wameshindana sana juu ya neno moja, “Mwarabu”: limepata kufutwa, likarudishwa. Naelewa uchungu wao. Hapa Maniema, jirani zetu Waislamu ni wana wa nchi hii, na wengine babu zao walikuwa watumwa wenyewe. Lakini kosa la mnara ule si neno lililozidi, bali ni maneno yaliyokosekana. Katekisimu yatufundisha kwamba mtu huweza kukosa hata kwa kutotimiza wajibu. Ndivyo ilivyo kwa shahidi anyamazaye.

Sasa tupande tramu mpaka Tervuren, nje kidogo ya mji, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa upya mwezi Desemba 2018. Ukutani yameandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908. Hakuna hata Mkongo mmoja. Lakini Freddy Tsimba, fundi wa Kinshasa, ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao huangukia juu ya yale ya Wabelgiji. Saba hao walikuwa miongoni mwa Wakongo 267 waliopelekwa kule mwaka 1897 ili watu wawatazame katika maonyesho, wakafa.

Wengine watanung’unika kwamba kivuli hutoweka wingu likipita. Mimi naisifu kazi hiyo. Tsimba hakuvunja jiwe wala hakufuta jina la mtu. Alileta shahidi wa pili, ndipo wa kwanza akasikika vizuri. Hivyo ndivyo ningependa ifanyike katika Cinquantenaire: mnara ubaki, na kando yake liwekwe jiwe la wapagazi, askari weusi na wachuma mpira. Nasi tusiwangoje Wabelgiji. Watoto wa Nyangwe na Kasongo wafundishwe habari zote mbili.

Makaburi ya wale saba yako kando ya kanisa la Mt. Yohane, hapo hapo Tervuren. Mwenye jamaa huko amwombe aende, asome majina yao kwa sauti, na kuwaombea pumziko la milele: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.