Karata ya Pili

Ukitazama Dealt, filamu ya Luke Korem ya 2017, macho yatakwama kwenye mikono ya Richard Turner. Yangu yalikwama. Mmarekani huyu alianza kupoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 9, na bado anakugawia karata ya pili huku ukiapa ni ile ya juu. Unarudisha nyuma, unatazama tena, huoni kitu.

Lakini kilichonishika ni kingine. Kwa miaka mingi Turner hakutaka kuitwa kipofu. Fimbo hataki, mbwa wa kumwongoza hataki. Sisi watazamaji tunapiga makofi: jamaa ni ngangari! Kisha anaingia dadake, Lori, ambaye pia haoni. Anaendesha kampuni ya ujenzi, na upofu wake hauficha. Kwani hapo jasiri ni nani?

Korem angeweza kuishia kwenye makofi. Badala yake anamfuata Turner hadi anapokubali kusaidiwa, na hapo ndipo filamu inaposhinda. Tumezoea kumsifu mwenye ulemavu pale tu anapotusahaulisha ulemavu wake. Hiyo nayo ni karata ya pili: tunadhani tumempa heshima, kumbe tumemgawia aibu.