Kinu cha Singo

Kwenda shamba kuoga si jambo jipya Unguja. Mwaka 1850 Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, hamamu pale Kidichi, juu ya kilima, katikati ya mikarafuu na minazi, ili wakitoka mjini wapate pa kuogea maji ya moto na kupumzika. Hamamu hilo lipo hadi leo: kuta nene za mawe na chokaa, kuba zenye matundu ya kuingiza mwanga, na nakshi za maua na ndege zilizofanywa kwa chokaa tupu. Kule chini ufukweni, Mtoni, alikozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844, palikuwa na mabafu makubwa zaidi. Salme aliyaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886: watu walishinda humo kwa saa nyingi, wakisali, wakisoma, wakilala, hata wakila. Aliyehudumia mabafu hayo alikuwa mtumwa, na aliyekanda miguu ya mabibi alikuwa mtumwa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ustadi ninaotaka kuusifu hapa, wa kutengeneza na kupaka singo, huenda ulipita mikononi mwa watu wale ambao hakuna aliyewaandika majina.

Hoteli niliyofikia iko upande huo huo wa mashamba, si mbali na Kizimbani. Chumba kilikuwa na kitanda cha samadari, chandarua kipana, na taulo lililokunjwa likawa bata. Bwawa la kuogelea lilikuwa safi na halikuwa na mtu. Chakula kizuri, ila mpishi anaiogopa pilipili. Hayo yanatosha kuhusu hoteli.

Kijitabu cha huduma za mkando ndicho kilichonichekesha. Kurasa za mwanzo ni Bali, kisha Thailand, kisha Sweden, kisha mawe ya moto. Singo iliwekwa ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya kukata kucha, ikaelezwa kwa sentensi moja kwamba ni ya asili. Mtu atoke Ulaya, avuke bahari, afike mpaka chini ya mikarafuu ya Unguja, halafu akandwe kama yuko Bali!

Anayeifanya ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Pemba, ambaye pale hotelini kila mtu, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini, humwita Bi Mkubwa. Hana cheti cha mkando. Alijifunza kwa shangazi yake, kwenye nyumba za harusi, mwari akiwa amewekwa ndani na somo wake akimsinga kila siku mpaka siku ya kutolewa. Kwa wasomaji wa bara ambao hawajaiona: singo ni mchanganyiko wa maua, majani, viungo na liwa, yaani msandali, unaopakwa mwilini na kusuguliwa mpaka ngozi ilainike na harufu iingie. Kila nyumba ina namna yake. Ya kwake ina mawaridi, asumini, mlangilangi, rehani, mpompia, karafuu kidogo, liwa na marashi.

Nilimwomba nifuatane naye kuchuma.

“Utaamka?” akaniuliza. “Maana mimi simgojei mtu.”

Mlangilangi huchumwa alfajiri, umande bado upo, kwa sababu jua likishapanda harufu huanza kuondoka na hewa. Lakini saa peke yake haitoshi. Ua la mlangilangi likifunguka huwa la kijani, na mgeni atadhani liko tayari kwa vile limeshachanua. Bado. Hukaa mtini wiki mbili, pengine tatu, likigeuka polepole kuwa manjano, na ndani kabisa, petali zinapokutana, hutokea doa jekundu. Bi Mkubwa hulipindua kila ua kwa kidole kimoja kutazama doa hilo kabla ya kulikata. Halibanwi hata kidogo, maana lililobanwa hugeuka jeusi kabla hujafika nyumbani, wala halirundikwi kwenye pakacha. Ndilo ua lile lile linalolimwa kwa wingi Komoro na kuvukizwa mafuta yanayokwenda Ufaransa. Limo ndani ya Chanel No. 5 tangu manukato hayo yalipotoka mwaka 1921. Huko hupimwa kwa mizani na mashine. Hapa hupimwa kwa doa.

Asumini ina saa nyingine kabisa. Hiyo huchumwa jioni, ikiwa bado matumba, kwa sababu huchanua usiku, na ukiingoja asubuhi utaikuta imeshatoa harufu yake yote bure. Matumba hulazwa juu ya kitambaa chenye unyevu, yakafunguka yenyewe gizani, na kunapokucha ndiyo kwanza yamekamilika. Kwa hiyo singo ya Jumamosi huanza Ijumaa magharibi. Mawaridi huchumwa umande ukishakauka. Rehani huvunjwa kabla haijatoa maua, kwani ikishachanua majani yake huwa makali. Nilipokuwa nikimsikiliza nilitambua kwamba mwanamke huyu anaishi na ratiba ya mimea ambayo haikubaliani hata kidogo, na kwamba kazi yake kubwa ni kuipatanisha ili yote ifike kwenye kinu asubuhi moja.

Karafuu zake hutoka Pemba, na hapokei nyingine. Unguja ilitangulia kwa karafuu, lakini dhoruba ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya huku, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika usukani. Karafuu yenyewe ni tumba lililochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani kwenye majamvi mpaka likawa kahawia. Nguvu yake yote ni mafuta yenye yujenoli, yale yale ambayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza jino. Kwenye ngozi mafuta hayo kwanza huchoma, halafu hutia ganzi. Zidisha karafuu kidogo tu na singo huwa adhabu. Pemba, pale Wawi, kiwanda kinavukiza mafuta hayo kutoka kwenye makonyo ya karafuu, na hoteli huwaletea wakandaji wake chupa za mafuta ya namna hiyo. Bi Mkubwa huyatumia kwenye mafuta ya nazi ya kukandia mgongo. Kwenye singo hayatii. Anataka karafuu yenyewe.

Liwa ndiyo inayomtia hasira. Msandali wa kweli ni ghali, na madukani umejaa unga wa mti wowote uliotiwa rangi na harufu. Msandali wetu wa Afrika Mashariki nao uling'olewa mizizi na kusafirishwa kwa magendo mpaka Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa. Yeye ana kipande kimoja cha kuni ya liwa, kifupi kama kidole gumba, alichorithi. Hukisugua juu ya msio kwa matone ya marashi, akizungusha tu, bila kukandamiza, na baada ya muda mrefu sana juu ya jiwe hupatikana ute wa rangi ya maziwa usiozidi kijiko. Sijaona kazi yenye malipo madogo kiasi hicho kwa macho, na alipoupitisha ute huo puani pangu nikanyamaza.

Kinu chake ni kidogo, cha mti mgumu, ndani kimeng'aa kwa mafuta ya miaka. Sabuni haikigusi. Karafuu hutangulia, kavu, peke yake, zikatwangwa kwa nguvu na kuchekechwa kwa kitambaa cha chachi, kwa sababu kipande kimoja kikibaki hukwaruza. Zikishatoka huingia rehani na mpompia, na mchi bado unapanda na kushuka. Yakishaingia mawaridi mkono hubadilika. Mchi hauinuliwi tena. Unazungushwa ukiegemea ukingo, na petali zinateleza zikisagika polepole, zikitoa maji yao ya zambarau. Asumini na mlangilangi huja mwisho na karibu hazitwangwi kabisa. Hupondwa kidogo tu, zikabaki na vipande vinavyoonekana kwa macho.

Nilimwuliza kwa nini asitie vyote mara moja, akamaliza.

“Jaribu,” alisema. “Utapata mchicha.”

Niliitazama mikono yake wakati wa kuchanganya. Anatia liwa, anatia unga wa karafuu kwa ncha ya vidole, kisha anaushika mrashi na kunyunyiza marashi, tone, anageuza, tone jingine, anageuza. Maji ya kawaida hayaingii. Halafu anachukua donge dogo na kulibandika nyuma ya kiganja, na anauinamisha mkono. Likiteleza, marashi yamezidi. Likipasuka ukingoni, yamepungua. Lile la siku hiyo lilishuka upana wa unywele na kusimama. Akalinusa mara moja tu, kisha akatoka nje, akazungumza na mtunza bustani habari za mbuzi, akarudi akanusa tena. Pua ikikaa na harufu huacha kuisikia. Yeye hilo hakulisoma mahali, ila ndiyo sababu ya mazungumzo ya mbuzi kila asubuhi. Aliporudi aliongeza majani mawili ya rehani. Mimi sikunusa tofauti yoyote.

Kusingwa kwenyewe kunaanzia nyayo. Singo hupakwa nyembamba, ikaachwa, na mkandaji mwingine yeyote angejaza muda huo kwa muziki wa filimbi. Bi Mkubwa anasikiliza ngozi. Mkono wake unapita juu ya mguu na kutoa sauti ya kitu kibichi. Baada ya muda sauti inakuwa nyepesi, kisha inaanza kukwaruza kwa mbali. Hapo ndipo anaposugua, si kabla na si baada. Ukisugua ingali mbichi, unaipaka tu. Ukichelewa, imeshika na itavuta vinyweleo. Katikati ya hizo mbili singo hujikunja yenyewe chini ya kiganja na kudondoka vipande vipande pamoja na nongo, na ngozi inayobaki ina joto la karafuu lililokuja kwa kuchelewa na kuondoka bila kuaga. Baadaye ni maji ya uvuguvugu, kanga kavu, na kigoda juu ya chetezo cha udi, moshi ukipanda ndani ya kanga. Nililala usingizi ambao siwezi kuueleza bila kuonekana nimelipwa na hoteli.

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi ni singo ambayo hakuifanya. Mgeni mmoja alitoka pwani akiwa amebabuka mabega kwa jua, mwekundu, na alikuwa ameshalipa. Bi Mkubwa alimtazama mlangoni, akamgusa begani kwa mgongo wa kidole, akasema kwamba leo hasingwi. Msichana wa mapokezi akapiga simu. Msimamizi akaja, akaeleza kwa upole kwamba pesa imeshaingia na mgeni anaondoka kesho.

“Mwanangu, hii ina karafuu,” alimjibu. “Unataka nimchome huyu mtoto wa watu?”

Alimpaka mshubiri uliotolewa kwenye jani papo hapo, na mafuta ya nazi baridi, akamrudisha chumbani akiwa na kanga mabegani. Pesa ilirudishwa nusu, kwa shingo upande. Bali na Sweden zote mbili zingemkanda.

Meneja, ambaye si mtu mbaya, anatamani singo iingie kwenye vichupa vyenye nembo, iuzwe dukani karibu na kofia na vinyago. Hili limemgombanisha kidogo na Bi Mkubwa. Singo mbichi ikilala usiku mmoja hubadilika rangi na kuanza kuchacha, na dawa za kuizuia isiharibike yeye hazitaki. Wamekubaliana kwenye singo kavu: maua yaliyoanikwa kivulini, yakasagwa, mnunuzi akaichanganye mwenyewe na marashi kwao. Naona ni mapatano mazuri, ingawa Bi Mkubwa huiita ile ya vichupa “ya safari” na hajawahi kumpaka nayo mtu.

Tatizo kubwa zaidi ni zamu. Hoteli imempa wasichana wawili awafundishe, na gari la wafanyakazi huwafikisha saa moja na nusu asubuhi. Saa hiyo mlangilangi umeshapigwa na jua. Mmoja wao amejifunza kutwanga vizuri, mkono wake una mwendo, lakini maua hununua kwa kijana wa baiskeli, na nusu ya pakacha hukataliwa. Wa pili anatoka kijiji cha jirani na huja kwa miguu gizani bila kuambiwa na mtu, na saa hizo hazimo kwenye karatasi ya mahudhurio wala kwenye mshahara. Nililisema hilo kwa meneja, akaliandika kwenye daftari. Huyu wa pili ndiye aliyeanza kuachiwa mti. Nilipoondoka alikuwa akipindua maua na kutafuta doa, Bi Mkubwa akiwa hatua chache nyuma yake bila kusema kitu. Asumini ataanza baada ya mvua za vuli. Karafuu, nilivyoambiwa, atapewa mwakani.