Majimaji kwa Darasa la Nne

Ukitaka kumpima mwalimu wa historia, usimfuate Kidato cha Sita. Kule vijana wamekomaa, vitabu vinamsaidia, na hata akiteleza wapo watakaomsahihisha. Mfuate Darasa la Nne, watoto wametoka kunywa uji, mada ya siku ni vita vya Majimaji. Ana kipindi kimoja, ubao mmoja, na darasa limejaa watoto ambao kwao zamani ni kabla ya Krismasi iliyopita. Aseme nini, aache nini? Na atakachokiacha, akiache namna gani ili mwalimu atakayewapokea miaka mitano baadaye asilazimike kuanza kwa kubomoa?

Namfahamu mwalimu mmoja aliyepita ngazi zote hizo. Alianza na cheti cha daraja la III A, akapangiwa shule ya msingi katika Wilaya ya Kilwa. Akajiendeleza hadi stashahada, akahamia sekondari hukohuko. Akajiendeleza tena, akapata shahada, na leo anafundisha kidato cha tano na cha sita mjini Songea. Jina lake hapendi litajwe, nami namheshimu. Walimu waliopanda hivyo wako wengi nchini, ila tukiwasifu huwa tunasifu vyeti. Mimi nilichokipenda kwake ni kingine: tukio lilelile amelifundisha kwa watoto wa miaka kumi na kwa vijana wa miaka kumi na tisa, kwa wajukuu wa Wamatumbi na kwa wajukuu wa Wangoni, na hakuna mahali ambapo somo la juu linamuumbua aliyefundisha la chini.

Tukio lenyewe kila Mtanzania analijua kwa juujuu. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waliong'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima waliwasha vita vilivyoenea kusini yote. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya kinga, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Mwishoni mwa mwezi huohuo wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Mapigano yaliendelea hadi 1907, yakaacha nyuma njaa kubwa.

Kwa watoto wadogo, kikwazo cha kwanza ni wakati. Wanaweza kuhesabu hadi elfu bila kukosea, lakini miaka mia moja kwao ni maneno matupu. Kwa hiyo Mwalimu haandiki 1905 ubaoni mwanzoni. Anawaita watoto wawili mbele. Wa kwanza ni binti wa miaka kumi aliyekuwa hai mwaka ule wa vita. Akakua, akazeeka, akiwa na miaka sabini na mitano akamsimulia mjukuu wake wa miaka saba. Mjukuu huyo, mtoto wa pili aliyesimama pale, leo ana miaka sitini na kitu. Huenda ndiye babu anayekuja kumchukua mmoja wenu saa nane. Basi, watu wawili tu wanatosha kutufikisha kwenye vita. Darasa linanyamaza likifikiria babu zao.

Hapo mchezo unakolea. Alipokuwa Kilwa, watoto waliokuwa wakisikia habari za magofu ya Kilwa Kisiwani kila siku walitaka kujua wangehitaji watu wangapi kumfikia Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331. Ukipanga mstari uleule wa bibi na mjukuu, wanatosha kama kumi na mmoja. Wanaenea mbele ya ubao. Je, mtu aliyeacha nyayo Laetoli? Mstari wa watu unashindwa, kwa hiyo anatoa kamba. Tuseme mita moja ni miaka mia moja. Majimaji iko mita moja na robo hivi kutoka mkononi mwake. Ibn Battuta yuko mita saba, karibu na mlango. Nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.6, zinataka kamba ya kilomita 36: ukianzia katikati ya Dar es Salaam unaikaribia Kibaha. Sijawahi kuona mtoto akisahau hilo. Nimewahi kuona watu wazima wenye shahada ambao hawajawahi kulifikiria.

Baada ya wakati ndipo hadithi inapoingia, na hapa ndipo mikono ya mwalimu mzembe inapojulikana. Njia ya mkato iko wazi: mganga mmoja aliwaambia watu kwamba risasi zitageuka maji, wakamwamini, wakafa. Ni fupi, inaeleweka, watoto wanacheka. Lakini wanawacheka babu zao, na kicheko hicho wataondoka nacho. Mwalimu huyu haanzi na maji kabisa. Anaanza na shamba la pamba. Nani alilima? Siku ngapi? Shamba la mahindi la nyumbani lililimwa na nani siku hizo? Nani alisimamia akiwa na kiboko? Malipo yalikuwa madogo kiasi gani hata wengine wakakataa kuyapokea? Watoto wa wakulima hawahitaji kufundishwa maana ya kukosa siku za palizi. Dakika ishirini zinapita kabla hajatamka jina la Kinjikitile, na anapolitamka, swali la watoto limeshabadilika. Hawaulizi tena kwa nini watu walikuwa wajinga kiasi hicho. Wanauliza wangefanya nini kingine.

Tazama pia maneno anayoyachagua. Hasemi Watanzania walipigana na Wajerumani, kwa sababu Tanzania haikuwepo. Anasema watu wa kusini mwa nchi yetu ya leo. Hasemi Wajerumani wote na Waafrika wote, kwa sababu askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Anasema jeshi la serikali ya Kijerumani. Hasemi idadi ya waliokufa ni kiasi fulani. Anasema wengi sana, na wengi wao kwa njaa. Mtoto wa Darasa la Nne hatambui tofauti, wala hapaswi kuitambua. Ni kama fundi cherehani anayeshona sketi ya shule akaacha pindo nene ndani: haionekani leo, ila mtoto akirefuka itashushwa bila kukata kitambaa kipya.

Vyuoni walimu hufundishwa jina la Jerome Bruner, Mmarekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba mada yoyote inaweza kufundishwa kwa ukweli kwa mtoto wa umri wowote, kisha irudiwe kwa kina zaidi kadiri anavyokua. Kwenye mtihani wa chuo nadharia hiyo ina alama zake. Kwenye kipindi, kazi yote iko kwenye hayo maneno mawili, kwa ukweli.

Kidato cha Kwanza somo linageuka. Sasa mwanafunzi anaambiwa habari hizi zimetoka wapi: masimulizi ya wazee, mabaki yanayofukuliwa, maandishi, makumbusho. Vitabu huorodhesha vyanzo hivi pamoja na faida na hasara za kila kimoja, na walimu wengi huishia kuinakilisha orodha. Mwalimu wangu hutoa kazi ya nyumbani. Waulizeni wazee wawili wa nyumba moja kuhusu Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, andikeni majibu bila kuyarekebisha. Siku ya kurudisha kazi kunakuwa na zogo. Babu amesema walihamishwa kwa lori. Bibi, nyumba hiyohiyo, amesema walitembea kutwa nzima. Mwanafunzi anataka aambiwe nani mkweli. Anarudishiwa swali: siku ile babu alikuwa wapi, na bibi alikuwa wapi? Wiki inayofuata jibu linakuja: lori lilichukua mizigo na wazee, babu akapanda kwa sababu alikuwa mgonjwa, wengine wakafuata kwa miguu. Kijana wa miaka kumi na minne amejifunza kupambanisha vyanzo kabla hajajua kazi hiyo inaitwaje.

Kuna kikwazo ambacho hakikutoka kwenye historia. Kwa miaka mingi mtoto aliyejadiliana kwa ufasaha kwa Kiswahili shule ya msingi amekuwa akifika sekondari na kukuta somo hilihili kwa Kiingereza, akanyamaza. Mwalimu anawaachia wabishane kwanza kwa lugha wanayoiweza, kisha ndipo waandike kwa ile ya mtihani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limempunguzia mzigo huo kidogo. Mengine yote kuhusu lugha ya kufundishia tumeshayabishania vya kutosha kwenye nchi hii.

Sekondari ndiko kwenye pointi. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa taifa anajua kwamba swali la sababu za vita linataka utangulizi, hoja sita na hitimisho, na anazikariri hoja hizo kama sala. Sizidharau, mtoto wa mkulima anafika chuo kikuu kwa hoja hizohizo. Ila zikibaki zimepangwa sawasawa, kila moja na uzito wa mwenzake, hakuna historia pale. Mwalimu anaziandika zote ubaoni: pamba ya kulazimishwa, kodi ya kibanda, ukatili wa maakida, kunyang'anywa madaraka kwa watawala wa jadi, imani ya maji, na nyinginezo. Kisha anachukua dasta na kufuta moja. Vita vingetokea bado? Nani anasema ndiyo? Aeleze.

Alipokuwa Kilwa hakuna aliyekubali pamba ifutwe. Wangemnyang'anya dasta. Alipohamia Songea alifuta pamba kwa mazoea, akisubiri kelele, na kijana wa nyuma akasema taratibu, "Madamu, iache tu ifutike. Babu zetu hawakupigania pamba." Alikuwa sahihi. Wangoni waliingia vitani wiki kadhaa baada ya Nandete, na lililowauma zaidi lilikuwa kupungua kwa nguvu za nkosi, watawala wao wakuu, na za manduna, viongozi waliowasaidia, chini ya boma la Wajerumani. Vita vilikuwa na jina moja, ila hasira zilitofautiana kutoka wilaya hadi wilaya. Wanahistoria wamejadili jambo hili kwa miongo, na kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, kilichotoka mwaka 2010, kimelichambua mahali kwa mahali. Kijana wa nyuma alikuwa hajakisoma. Alikuwa ameulizwa vizuri tu.

Kidato cha Sita ndipo pindo linaposhushwa lote. Mwalimu anaweka mezani vyanzo viwili. Kimoja ni maelezo ya Gustav Adolf von Götzen, gavana wa wakati ule, aliyechapisha kitabu chake kuhusu uasi huo mwaka 1909. Kingine ni masimulizi waliyoyakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, walipotumwa kwenye maeneo ya vita kuwahoji wazee ambao baadhi yao walikuwa wameviona kwa macho yao. Kwenye masimulizi pamba, kazi na kiboko vimejaa. Kwa gavana, waganga na njama yao ndio wanaobeba lawama kubwa. Wanafunzi wanaachiwa wajiulize wenyewe gavana angepoteza nini kama angekiri kwamba ni sera yake ya pamba.

Hapo darasa hujikuta kwenye jambo ambalo mimi binafsi sikuwa nimelitarajia. Ile hadithi fupi, ya mganga aliyewadanganya watu, inayosimuliwa shule za msingi kwa sababu eti ni rahisi kwa watoto, si rahisi wala haina upande. Ni utetezi wa gavana, umepunguzwa maneno ukawafaa watoto. Mwalimu aliyeikwepa Darasa la Nne hakuwa akipendezesha somo. Alikuwa akikataa kumfanyia von Götzen kazi.

Halafu anageuza upande wa pili, maana haki haina mjomba. Mwaka 1956 Julius Nyerere aliitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa akidai uhuru, na wanahistoria wa Dar es Salaam wa miaka ya sitini wakaviona vita hivyo kama mwanzo wa umoja uliokuja kuzaa TANU. Nayo ni tafsiri yenye wakati wake na haja yake. Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969, na wanafunzi wanaosoma fasihi huichanganya na historia. Anawatenganishia bila kuishusha hadhi. Idadi ya waliokufa nayo inafunguliwa. Takwimu za Wajerumani zilitaja watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyeitafiti Matumbi kwa kina, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wanafunzi hutaka kujua ipi iandikwe kwenye mtihani. Yeye anawauliza nani alikuwa akihesabu, na alihesabu lini, na mama aliyefia porini akitafuta mizizi mwaka 1907 aliandikwa kwenye daftari la nani. Wakishajibu hayo, wanaandika zote mbili na kueleza tofauti.

Mwaka mmoja darasa lake lilikwenda Makumbusho ya Majimaji, pale Songea, ambako wamezikwa waliouawa na Wajerumani Februari 1906. Msichana mmoja alirudi na swali kuhusu nduna Mkomanile, mwanamke pekee kati ya walionyongwa. Kwa nini hakumsikia tangu shule ya msingi? Mwalimu hakuwa na jibu zuri, kwa sababu naye, miaka yote ile ya Kilwa, hakumtaja. Siku hizi mwalimu wa shule ya msingi ya jirani humfuata Jumamosi wakaandaa maandalio ya somo pamoja, na kwenye lile la Darasa la Nne, chini ya shamba la pamba na kabla ya zoezi, wameongeza mstari kuhusu Mkomanile. Bado wanavutana kuhusu jinsi ya kumweleza mtoto wa miaka kumi nduna ni nani, bila kusema chifu.